Kutoka kea hadi nesi: kusoma na kumaliza shahada ya uuguzi wa watu wazima Uingereza

Swali: Nina miaka 34, mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester na wanangu wawili. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee. Nilimaliza kidato cha nne Kenya, KCSE nikapata C+. Nataka kusomea digrii ya uuguzi wa watu wazima, lakini hesabu inanitia hofu, na wenzangu wananiambia wengi huanza wakaishia njiani. Nianzie wapi, na hasa ni kitu gani kinachowaangusha watu?

Jibu: Dada yetu, shukrani kwa swali lililonyooka. Tuanze na sehemu yake ya mwisho, maana ndiyo inayoongoza mengine yote.

Hesabu ina dawa yake, tutaifikia. Kinachowapa tabu wanafunzi waliotokea kwenye kea ni kile kile kilichowapatia nafasi chuoni, yaani uzoefu wao. Unajua kumgeuza mgonjwa, kumwogesha bila kumvunjia heshima, kumlisha mwenye shida ya kumeza. Ukifika wodini siku ambayo wafanyakazi ni wachache, wataona mikono imekuja tayari na utapewa wagonjwa sita uwaogeshe. Utafanya vizuri na utashukuriwa. Kisha wiki nane zinakwisha, hujawahi kushika mzunguko wa dawa chini ya usimamizi, hujawahi kutoa ripoti ya makabidhiano ya zamu, na kitabu chako cha tathmini kina kurasa nyeupe. Mwenzako aliyetoka shule moja kwa moja, ambaye hakujua hata kutandika kitanda, amesainiwa kila kitu kwa sababu alikuwa anauliza. Huduma unaijua. Shahada hii inakuja kukupima kama unaweza kuamua, na kueleza kwa nini umeamua hivyo. Ukiingia ukilijua hilo siku ya kwanza, umeshawatangulia wengi.

Kozi yenyewe

Uingereza humsajili nesi kwa fani. Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, lina fani nne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Unachagua kabla ya kuomba. Fani ya watu wazima inashughulika na wagonjwa wa miaka 18 kwenda juu, na uwanja wake ni mpana: upasuaji, moyo, figo, saratani, dharura, wagonjwa mahututi, unesi wa majumbani, huduma ya mwisho wa maisha. Ukunga haumo, una kozi yake.

Njia ya diploma England ilifungwa Septemba 2013, sasa ni shahada tu. Kwa kawaida ni miaka 3 na krediti 360 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo), yaani 120 kila mwaka. Jumla ya saa ni 4,600: nadharia 2,300 na vitendo 2,300. Vyuo vilivyoidhinishwa vinaweza kuhesabu hadi saa 600 za vitendo kwenye mazoezi ya kuigiza chuoni, lakini zilizobaki ni za wodini, zahanati na majumbani kwa watu. Gawanya 2,300 kwa wiki ya saa 37.5 upate wiki 61 na ushee. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa kazi ya saa kamili bila mshahara, imesambazwa ndani ya miaka mitatu. Mzazi wa watoto wawili anapaswa kuitazama hesabu hii kabla ya nyingine zote.

Karatasi za ukaazi na fedha

Hukutuambia uko hapa kwa hadhi gani, na jambo hilo linaamua zaidi kuliko alama zako za KCSE. Mwenye ukaazi wa kudumu aliyeishi hapa kihalali kwa miaka 3 kabla ya kozi kuanza, kwa kawaida hulipa ada ya mwenyeji na hupata mkopo wa serikali. Mwenye hadhi ya ukimbizi hasubiri miaka hiyo mitatu. Aliye kwa viza ya kazi ya afya na uangalizi, au anayemtegemea mwenye viza hiyo, kwa kawaida huhesabiwa mwanafunzi wa kimataifa: ada inaweza kuwa maradufu au zaidi, na mkopo hakuna. Viza hiyo haikukatazi kusoma, ila inakutaka uendelee na kazi uliyodhaminiwa, na zamu za saa kamili kazini haziwezi kukaa wiki moja na wodi ya saa 37.5. Shirika la UKCISA hutoa maelezo ya bure kuhusu hadhi na ada. Wasome hao kabla hujamlipa wakala yeyote hata senti.

Kwa mwenyeji, ada ya juu England mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535. Juu ya mkopo kuna NHS Learning Support Fund, mfuko wa huduma ya afya ya taifa (NHS) wa kusaidia wanafunzi: pauni 5,000 kila mwaka ambazo hazirudishwi, na mzazi mwenye mtoto anayemtegemea huongezewa pauni 2,000 kwa mwaka. Mfuko huo pia hurudisha nauli ya ziada ya kwenda mafunzoni ikizidi ile ya kwenda chuoni. Tunza tiketi na risiti, na kumbuka kuomba upya kila mwaka, haujirudii wenyewe. Kwa malezi ya watoto kuna pia ruzuku ya serikali inayotegemea kipato cha nyumba, na inaweza kulipa hadi asilimia 85 ya gharama. Wanafunzi wengi wenye watoto hawaiombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ipo. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina mipango yao tofauti.

Ipo njia nyingine ambayo mtu wa hali yako anapaswa kuitazama kwa makini: uanagenzi wa shahada ya uuguzi. Mwajiri anakulipa mshahara, ada hulipiwa, nawe unagawa wiki kati ya kazi, chuo na mafunzo. Mara nyingi huchukua miaka 4. Ugumu wake ni kwamba huombi chuo, unamwomba mwajiri, na nafasi ni chache. Hospitali za NHS huzitangaza, na baadhi ya nyumba za wazee zenye manesi nazo zinazo. Kanuni za ufadhili wake hutaka pia uwe umeishi Uingereza miaka 3. Kama umedhaminiwa kwa viza, pata ushauri wa uhamiaji kwanza, maana kubadili kazi kunaweza kugusa udhamini wako. Njia ya ngazi mbili ni kusomea uuguzi msaidizi, yule aitwaye nursing associate, kwa miaka 2, ukasajiliwa na NMC na kulipwa daraja la 4 la mishahara ya NHS, kisha ukamalizia shahada kwa muda mfupi kwa kuwa sehemu ya masomo yako itatambuliwa. Nesi aliyesajiliwa huanza daraja la 5. Kwa mwenye kodi ya nyumba na watoto, sisi tungeanza kugonga milango ya waajiri kabla ya kufikiria mkopo.

Kuingia

C+ yako ni wastani. Chuo kitataka kuona alama ya Kiingereza na ya Hisabati kila moja peke yake, na kila chuo kina uamuzi wake juu ya KCSE. Waandikie barua pepe wadahili wa vyuo vitatu au vinne ukiambatisha cheti, uulize kwa maandishi kama kinakubalika badala ya GCSE, mtihani wa sekondari wa hapa. Jibu la simu halitakusaidia mwezi Agosti. Hisabati ikikataliwa, vyuo vingi hukubali Functional Skills ngazi ya 2, kozi ya hesabu za matumizi ya kila siku, ambayo kwa watu wazima wengi wenye sifa za ukaazi hufundishwa bure kwenye vyuo vya kata na miji.

KCSE peke yake kwa kawaida haitoshi kuingilia mwaka wa kwanza. Njia ya watu wazima ya kuvuka pengo hilo ni Access to Higher Education Diploma ya uuguzi au sayansi ya afya: mwaka mmoja, krediti 60, kati ya hizo 45 ni za ngazi ya 3 na zina madaraja. Ukikopa kuisoma kisha ukamaliza shahada, mkopo huo wa Access hufutwa. Kozi hiyo pia ndiyo itakayokurudisha kwenye kusoma na kuandika, kwa hiyo usiione kama kikwazo.

Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo, hadi vyuo vitano, na mwisho wa kawaida ni Januari kwa kuanza Septemba. Kwa wanaoanza 2026 na kuendelea, maelezo binafsi ni maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000, kila jibu lisipungue 350: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya masomo umefanya nini. Hili la tatu ndilo lako. Ila usiandike kwamba una huruma na unapenda kusaidia watu, kila mwombaji ameandika hivyo. Andika tukio, ulichokiona, ulichokifanya, na nini kilifuata. Kwa mfano: mkazi aliyekuwa msemaji akanyamaza ghafla, akaanza kukataa maji, ukapima joto na kuangalia rangi ya mkojo, ukamwarifu nesi wa zamu na kuandika saa. Sentensi nne za namna hiyo zinaonyesha kwamba macho yako tayari ni ya nesi. Kwenye usaili watakuuliza kwa mtindo huo huo.

Ukikubaliwa, nafasi bado ina masharti: ukaguzi wa rekodi ya jinai, DBS ya ngazi ya juu, na kibali cha afya kazini. Hapa watu wa kwetu hukwama kwenye chanjo kwa kuwa kadi za utotoni zilishapotea. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, na ratiba ya kawaida ni mwezi 0, 1 na 6. Anza sasa kumwuliza daktari wako kuhusu hiyo, surua na rubela, tetekuwanga, na uthibitisho wa kifua kikuu. Anayengoja barua ya chuo ya Agosti huenda akazuiwa wodi ya kwanza, na saa alizozikosa hubaki kuwa deni.

Wodini: saa na saini

Wodini una watu watatu wa kuwajua. Msimamizi wa mafunzo hufanya kazi nawe siku hadi siku na kuandika anachokiona. Mtahini wa wodini ndiye anayeamua kama umefaulu sehemu hiyo, na hawezi wakati huo huo kuwa msimamizi wako. Mtahini wa chuo huthibitisha kila mwaka pamoja naye kwamba unastahili kuendelea. Yote huingia kwenye kitabu cha tathmini, PAD, ambacho siku hizi mara nyingi ni cha mtandaoni.

PAD ina mikutano mitatu kila sehemu ya mafunzo: wa mwanzo, wa kati na wa mwisho. Wa kati ndio unaookoa, maana kama kuna tatizo ndipo mpango wa kulirekebisha huandikwa, ukiwa bado na muda. Usipofanyika, unasikia wiki ya mwisho kwamba hujafikia, na hakuna nafasi ya kufanya chochote. Kwa hiyo siku ya kwanza muulize mkuu wa wodi majina ya msimamizi na mtahini wako, na tarehe za mikutano yote mitatu ziandikwe kwenye ratiba kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Saini za stadi ziombwe siku ile ile uliyoifanya. Nesi aliyekuona ukiweka katheta (mpira wa mkojo) Jumanne, Ijumaa yuko likizo, na anayebaki hawezi kusaini asichokiona.

Kisha lile suala la mikono ya bure. Kanuni ya NMC ni kwamba mwanafunzi ni mtu wa ziada kwenye zamu: hahesabiwi miongoni mwa wafanyakazi. Huna haja ya kugombana na yeyote, wala usikatae kuogesha wagonjwa, maana nesi anayemwogesha mgonjwa anaona ngozi, pumzi, maumivu na hali ya akili kwa mara moja. Fanya hivi: mwanzoni mwa zamu mwambie nesi wako, “Leo nahitaji kufanya mzunguko wa dawa za asubuhi pamoja nawe, na kutoa ripoti ya wagonjwa wawili jioni. Kuogesha nitasaidia kabla ya hapo.” Ombi lenye jina la stadi na saa hukubaliwa. Ombi la “nataka kujifunza zaidi” husahaulika. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado unatumiwa kama kea, mwandikie mhadhiri anayehusika na wodi hiyo, kwa adabu na kwa tarehe.

Stadi unazotakiwa kuzimudu kabla ya kusajiliwa ni pana kuliko wengi wanavyodhani: kutoa damu na kuweka kanula (mpira mdogo wa kwenye mshipa), kupima ECG (umeme wa moyo), kusikiliza kifua kwa stetoskopu, kuweka katheta kwa wanawake na wanaume, kuingiza mpira wa kulishia kupitia puani. Si kila wodi ina nafasi ya kila moja, kwa hiyo jua mapema zipi hazipatikani ulipo, uzitafute kwenye mazoezi ya chuo au kwa kuomba siku moja kitengo kingine.

Zamu ndefu za kawaida huanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku. Mapumziko mara nyingi hayahesabiwi, kwa hiyo zamu ya saa 12 na nusu inaweza kukupa 11 na nusu kwenye kitabu. Kosa zamu sita kwa mafua ya watoto, tayari unadaiwa saa 69, na hakuna nesi anayesajiliwa akiwa na deni la saa. Hapa ndipo wazazi wengi huishia njiani. Kabla ya kuanza, pata watu wawili wanaoweza kumchukua mtoto shuleni, sio mmoja. Omba ratiba ya zamu mapema, na uulize chuo kuhusu maombi ya mazingira rafiki kwa walezi. Vyuo vina utaratibu huo, lakini humwendea anayeomba kabla ya wodi kupangwa.

Kuona na kuamua

Hebu tuchukue chati moja uone tofauti ya kea na nesi ilipo. Hospitali za Uingereza hutumia NEWS2, kipimo cha tahadhari kilichotolewa na Royal College of Physicians mwaka 2017. Kina vipengele saba: upumuaji, oksijeni kwenye damu, kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni ya ziada, namba ya juu ya presha, mapigo, fahamu, na joto. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 3.

Mgonjwa ni bibi wa miaka 78, siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga. Anapumua mara 22 kwa dakika: alama 2. Oksijeni 94 akipumua hewa ya kawaida: 1. Namba ya juu ya presha 104: 1. Mapigo 112: 2. Joto 38.4: 1. Yuko macho na anajibu vizuri: 0. Tazama namba hizo moja moja, hakuna hata moja inayomshtua mtu. Bibi mwenyewe anasema amechoka kidogo tu. Zijumlishe, ni 7, na 7 ni kiwango cha dharura: mgonjwa afuatiliwe mfululizo na timu ya dharura iitwe. Kea mzuri huandika namba sahihi. Nesi huzijumlisha, hufikiria sepsisi (maambukizi yanayodhuru mwili mzima), huangalia jeraha, katheta na kifua, na hupiga simu.

Simu nayo ina mpangilio, SBAR: hali, historia, tathmini, pendekezo. “Napiga kuhusu mgonjwa wa miaka 78, NEWS2 yake ni 7, alfajiri ilikuwa 1. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga juzi, ana katheta. Anapumua 22, mapigo 112, joto 38.4, tunashuku maambukizi. Tunaomba uje sasa hivi umwone, na utuambie kama tutoe damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla hujafika.” Ukiwa mwanafunzi unamwambia nesi wako kwanza, na yeye akikuruhusu upige simu akiwa pembeni, usiikimbie nafasi hiyo kwa kuogopa lafudhi. Ongea polepole, namba zitamke tarakimu moja moja, na mwisho mwombe wa upande wa pili arudie alichosikia. Hivyo ndivyo wenyeji nao wanavyofundishwa.

Angalizo moja kabla hatujaendelea. Wagonjwa wengine wa mapafu sugu huwekewa lengo la oksijeni la 88 hadi 92, na chati ina mizani yake ya pili kwa ajili yao. Mizani hiyo huamuliwa na mtaalamu mwenye mamlaka na huandikwa kwenye chati. Mwanafunzi haichagui kwa kukisia.

Hesabu

Kanuni za NMC zinataka mtihani wa hesabu za dawa upasi kwa asilimia 100. Inatisha kuisikia, lakini hesabu zenyewe ni za kuzidisha, kugawanya, desimali na kubadili vipimo, basi. Wanaoanguka wengi huanguka kwenye vipimo na haraka.

Kanuni kuu ni hii: kiasi unachotaka, gawanya kwa kiasi ulichonacho, zidisha kwa ujazo ambamo kiasi hicho kimo. Mgonjwa ana kilo 56, ameandikiwa antibiotiki ya gentamicin miligramu 5 kwa kila kilo. 56 mara 5 ni miligramu 280. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. 280 gawanya kwa 80 ni 3.5, zidisha kwa 2, ni mililita 7. Kabla hujagusa karatasi, kadiria: vichupa vitatu na nusu, kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya mililita 6 na 8. Ukipata 70 au 0.7 utajua papo hapo desimali imehama. Kukadiria kwanza ndiko kunakomlinda mgonjwa, na ndiko wanafunzi wenye haraka wanakokuruka.

Dripu: lita 1 kwa saa 8 kwenye mashine ni 1,000 gawanya kwa 8, mililita 125 kwa saa. Bila mashine, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika.

Kwenye vipimo, hakikisha hili limeingia damuni: miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Digoxin, dawa ya moyo, ya 0.125 mg ni mikrogramu 125. Andika sifuri kabla ya nukta, 0.5, na usiandike sifuri baada yake, 5.0, kwa sababu nukta ikififia inasomeka 50. Neno mikrogramu liandike kwa ukamilifu wake, na yuniti za insulini pia, maana ile U ya mkato inafanana na sifuri na mgonjwa anaweza kupewa mara kumi. Insulini huvutwa kwa sindano yake maalumu pekee.

Fanya maswali kumi kila siku kuanzia sasa, bila kikokotoo, dakika 20, na yale uliyokosa uyarudie kesho yake. Miezi mitatu ya hivyo inatosha kuiondoa hofu kabisa.

Kuandika

Hapa tunakuomba uwe na subira, kwa kuwa ndipo alama nyingi hupotea. Unaandika taarifa za wakazi kila siku, kwa sentensi fupi za ukweli. Insha ya chuo inataka kitu kingine, nacho hupanda kila mwaka: wa kwanza ueleze, wa pili ulinganishe, wa tatu upime ushahidi. Alama ya kupita kwa kawaida ni 40, na kwa kawaida una nafasi mbili za kujaribu.

Chukua mada ya vidonda vya kulalia. Mwanafunzi huandika: “Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.” Hiyo ni desturi, na huenda ndivyo mlivyofundishwa kazini. Mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, unasema mtu mzima aliye hatarini abadilishwe mkao angalau kila saa 6, na aliye hatarini zaidi angalau kila saa 4. Sasa una insha: kwa nini desturi na mwongozo vinatofautiana, godoro la kisasa linabadilisha nini, usingizi wa mgonjwa unapimwaje dhidi ya ngozi yake, na ni nani wa kugeuzwa mara nyingi zaidi ya hapo. Msahihishaji anatafuta maswali hayo. Mtindo huu wa kuuliza “ushahidi uko wapi” uanze nao leo kwenye zamu yako, kwa jambo moja tu kila wiki.

Tafakari za mafunzo zina hatari yake. Ukitaja jina la mgonjwa, wodi au hospitali, vyuo vingi huiangusha kazi nzima, hata kama imeandikwa vizuri. Tumia jina la kubuni na useme kwamba umelibuni. Kanuni hiyo hiyo inaenda hadi kwenye simu yako: picha au maneno kuhusu mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kwa Kiswahili, hata bila jina, yanaweza kukupeleka mbele ya kamati ya kuamua kama unafaa kuendelea. Na programu za akili bandia zisikuandikie. Hubuni marejeo yasiyokuwepo, na mhadhiri akitafuta makala asiyoipata, swali linakuwa la uaminifu, jambo ambalo NMC hulitazama kwa ukali kuliko alama mbaya.

Mengine machache. Kama unavaa hijabu, hospitali zinakubali, iwe safi kila siku na isining'inie. Mikono hadi kwenye kiwiko huachwa wazi unapomhudumia mgonjwa, na kuna mikono ya plastiki ya kutupa kwa anayehitaji kusitiri. Zungumza na mkuu wa wodi kabla ya zamu ya kwanza. Ramadhani ikiangukia kwenye zamu ndefu, muombe nesi wako mapema mapumziko yako yaangukie wakati wa kufuturu. Wodi nyingi hulipanga hilo bila tabu likisemwa asubuhi.

Na kama moyoni una nia ya kurudi Kenya siku moja kufanya kazi, tambua kwamba mafunzo ya nesi nyumbani hujumuisha ukunga na afya ya jamii, wakati fani ya watu wazima ya hapa haina ukunga. Andikia Nursing Council of Kenya sasa, kabla hujachagua fani, uulize watakutaka uongeze nini, na barua yao uihifadhi pamoja na vyeti vyako.